Eda ya Jumatano

Simu ya naqibu, mkubwa wake wa polisi, ilimkuta Nabhan njiani. Sinaw imeshabaki nyuma, Ibra bado haijaonekana, na jua limemkalia usoni tangu alipotoka Nizwa.

"Uko wapi, Nabhan?"

"Njiani, sidi."

"Njia ya wapi? Nilikwambia uje umsimamie Rafikul asaini maelezo yake. Baada ya adhuhuri napeleka faili kwa waendesha mashtaka."

"Nimekwenda kuangalia kitu Ibra, sidi. Marehemu alikuwa huko Jumatano."

"Marehemu alikuwa Ibra Jumatano, akapitia Sur kwa rafiki yake, akarudi Ijumaa, akauliwa Ijumaa usiku, na aliyemuua ninaye ndani. Wewe huko unafuata nini? Halwa?"

Nabhan aliapa kwamba atarudi mapema, naqibu akakata simu bila kuaga. Naqibu huyo, Mohannad, alikuwa kijana wa kufaa kuwa mwanawe, kasoma ng'ambo, kapewa kiti cha mwenzake kabla hakijapoa. Vijana wa aina hiyo huja kituoni wakijua kila kitu isipokuwa mlango wa choo, na huo nao huonyeshwa na maraqibu, askari wazee kama Nabhan, ambao cheo chao ni kupeleka na kuleta. Mohannad alikuwa na desturi moja: kesi ikifika mezani asubuhi, jioni anataka ipoe.

Na hii aliipoza upesi. Mzee Shihab, mwenye duka la spea za magari Firq, alikutwa Jumamosi asubuhi amelala chali katika stoo yake, kisogo kimepasuka. Pembeni palikuwa na spana ya magurudumu yenye alama za vidole vya Rafikul, Mbangali mfanyakazi wa duka hilo, ambaye kazi yake kutwa ni kushika spana. Daktari alisema mauaji ni ya Ijumaa usiku, lakini alisema huku akikuna shingo, kwa sababu AC ya stoo ilikuwa imeachwa inanguruma na mle ndani mlikuwa baridi kama jokofu la samaki. Kisha mwana wa marehemu, Wadhah, akasema nyumbani pamepotea sahani ya Kichina ya mzee, ya zama za wafalme wao wa zamani, moja kati ya mbili zilizotoka kwa bibi yake Unguja. Basi, mwizi kapatikana, muuaji kapatikana, na ni mtu asiye na ami serikalini wa kumpigia simu.

Jambo moja lilimkaa Nabhan kooni. Maiti ya stoo ilikuwa imefumbwa macho. Kinywa kimefungwa vizuri, miguu imenyooshwa, na ndevuni mlinasa uzi mwekundu. Alimwambia naqibu: sidi, mwizi gani anampasua mtu kichwa halafu anamstahi hivi? Mohannad akacheka, akasema labda mzee alikufa akiwa amesinzia.

Jingine lilikuwa soko. Badriya, mjane wa marehemu, alieleza kwamba mumewe kila Jumatano hupanda teksi kwenda Ibra sokoni. Naqibu aliitikia kwa kichwa, na mwandishi akaandika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwanamume anafanya nini katika soko la Jumatano la Ibra, ambalo ni la wanawake watupu. Nabhan alilijua soko lile kwa lango lake tu. Miaka mingi alikaa nje ndani ya gari akimsubiri mkewe, Alyaa, naye akitoka na vifurushi na maneno ya watu. Alyaa alikufa akingoja mkubwa mmoja aliyekuwa likizo asaini barua ya matibabu yake. Na mwanamume hakai eda. Nabhan alirudishwa kazini matanga hayajaanuliwa.

Alifika langoni soko limeshachangamka, akasimama pale pale alipokuwa akisimama zamani. Mwanamke mnene mwenye barakoa shingoni alikuwa amekaa kizingitini na visanduku vya buhuri ya kufukiza, akimtazama kama anayepima kitambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kiswahili chako cha bara hicho. Wapi?"

"Nimezaliwa Bujumbura."

"Karibu. Lakini ndani huingii. Umepotea, au umetumwa na mkeo?"

"Mke wangu ndiye aliyenifundisha kusimama hapa nje."

"Basi kakufundisha vyema. Mimi Asya. Unataka buhuri ya mke au ya kuomba radhi? Bei mbalimbali."

Nabhan akatoa simu, akamwonyesha picha ya Mzee Shihab. Asya aliisogeza mbali na macho, kisha karibu.

"Huyu mzee wa Jumatano. Huja na teksi, hukaa pale kwenye kivuli cha ukuta. Turkiya akimaliza kuuza hutoka naye, yeye mbele, mzee nyuma kama mchukuzi. Turkiya anasema ni jamaa yao wa Ujiji. Mwenyewe nilimwambia, jamaa gani anayebeba kapu na kucheka peke yake? Kafanya nini?"

"Amekufa."

"Inna lillahi." Asya aliirudisha simu polepole. "Lini?"

"Wasemavyo, Ijumaa. Huyo Turkiya yuko ndani sokoni?"

Hapo Asya akasahau maiti, akakumbuka lake. "Yumo wapi? Meza yake ile, tupu. Usinitajie Turkiya mimi. Nimemwoza mwanangu Alhamisi iliyopita usiku. Buhuri na mafusho ya bi harusi, yote kachukua yeye kuyatengeneza, kaapa. Alhamisi asubuhi, harusi jioni, nakuta kanirudishia sanduku la vifaa mlangoni, hakuna kilichotengenezwa, na salamu kwamba hana afya. Nikamfuata. Kakaa, hana homa wala kikohozi. Kavua bangili. Kavaa dira limefifia kama la kuoshea vyombo. Na hanukii. Turkiya huyo, ambaye paka wake ananukia udi. Nikamwambia, Turkiya, hii si maradhi, hii ni hasadi, kwa kuwa wewe huna binti wa kuoza. Hata hakunijibu."

"Alhamisi asubuhi," alisema Nabhan.

"Alhamisi asubuhi, wallahi. Aibu nilipata watu wakinusa hewa tupu."

Nabhan alitazama barabarani bila kuona gari. Kisha akamwomba Asya amwongoze kwa Turkiya na akae naye ndani, kwa kuwa haikumpendeza kuingia nyumba ya mwanamke peke yake. Asya alifunga visanduku vyake kabla ombi halijaisha.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vichache, pembeni mwa shamba la mitende, nje ya mji. Kizingiti cha baraza kilikuwa cha jiwe, kimesuguliwa hadi kimekuwa cheupe kuliko mawe mengine yote. Nabhan alikivuka bila kukikanyaga. Waliketi ukumbini, na Turkiya akabaki nyuma ya pazia la mlango wa ndani, anasikika na haonekani. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, kavu.

"Mtanisamehe. Siko vizuri. Asya, kahawa iko hapo, mmiminie mgeni."

Kahawa ilikuja na tende. Nabhan alikunywa, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akangoja. Katika nyumba yoyote ya Ibra, mgeni akishakunywa huletewa chetezo ajifukize ndipo aondoke, na hii ilikuwa nyumba ya muuza buhuri. Chetezo kilikuwepo, juu ya kabati. Kimeoshwa, kimefutwa, kimegeuzwa kifudifudi.

"Unamjua Mzee Shihab, bibi?"

"Jamaa yetu. Nimesikia amefariki. Mungu amrehemu."

"Umesikia lini?"

"Jumamosi. Kwa simu, kwenye kundi la watu wa Ujiji."

"Na mara ya mwisho kumwona?"

"Jumatano ile. Alinipa salamu langoni, akapanda teksi, akaenda Sur. Ndivyo alivyosema."

Jibu lilikuja limenyooka, kama lililofanyiwa mazoezi. Neno kwa neno ndivyo alivyosema Wadhah. Asya akaingilia kati. "Jamani, hebu tupate hewa hapa, pananuka vumbi." Akatoa kichupa kifuani, akainua pazia kidogo. "Lete mkono nikutie tone, utachangamka."

"Usinitie," alisema Turkiya upesi. "Asya, tafadhali. Usinitie."

Mkono uliochungulia na kurudi haukuwa na pete. Palipokuwa na pete ngozi ilikuwa nyeupe.

Nabhan aliweka kikombe chini. "Bibi Turkiya, uko eda ya nani?"

Asya ndiye aliyejibu. "Eda? Kaka, umechanganyikiwa na jua. Huyu mumewe, marehemu yule fundi, kafa zamani, eda yake nimeikaa naye mimi, nikimpikia uji."

"Ndiyo nauliza hii ya sasa. Mtu hatoki nyumbani, kavua dhahabu, mafuta hataki, udi hataki, na chetezo kakigeuza. Mke wangu alikaa hivyo kwa babaangu wa kambo, maana alimpenda, hadi mamaangu akamkataza: akamwambia eda ni ya mke peke yake." Akageukia pazia. "Na wewe umeianza Alhamisi asubuhi, kabla harusi ya Asya. Mzee kakutwa Jumamosi. Nizwa nzima ilikuwa ikimdhani yuko Sur anakula papa, na wewe hapa Ibra unamlia."

"Ee Turkiya," alisema Asya kwa sauti ndogo.

"Mkubwa wangu akisikia haya," aliendelea Nabhan, "atakwambia kitu kimoja tu. Aliyejua kifo kabla ya watu ndiye aliyeua. Atamtoa yule Mbangali, akuweke wewe, na jioni faili lipoe vilevile. Basi niambie mimi, maana mimi naweza kuandika pole pole."

Nabhan akasimama kunyoosha magoti, na ndipo alipoiona, juu ukutani, karibu na picha ya Makka. Sahani kubwa, ya buluu na nyeupe, samaki wawili wakizungukana. Nyumbani kwa Badriya, Nizwa, alishaona mwenzake, na kando yake msumari mtupu.

"Hii imetoka wapi?"

Safari hii sauti ilikuja na kitu ndani yake. "Mahari yangu. Siibi vitu vya watu."

"Sikusema umeiba." Aliisogelea. Ukingoni ilikuwa imepasuka na kuungwa kwa pini tatu za fedha, kazi safi. "Imevunjika lini?"

"Ramadhani iliyopita. Iliniponyoka. Nililia, yeye akacheka, akaipeleka kwa sonara wa hapa hapa Ibra. Akasema sasa imekuwa nzuri zaidi, ina dhahabu ya kimasikini."

"Ilivunjika hapa, basi. Si Nizwa."

"Hapa, jikoni kwangu."

Nabhan aliweka kidole kwenye pini, moja baada ya nyingine. Kituoni alikuwa amesimama ukutani Wadhah alipokuwa akiieleza sahani iliyopotea. Samaki wawili, alisema, pini tatu za fedha ukingoni. Mama yake alipoulizwa chumba cha pili, alisema mara ya mwisho kuziona ukutani zote mbili zilikuwa nzima kama zilivyotoka kwa bibi, hazina hata ufa. Naqibu alichukua la mwanamume, akaliacha la mwanamke, akazitia pini zake ndani ya maelezo ya Rafikul: nimeiba sahani yenye pini tatu, nimeitupa wadini, kwenye mto mkavu. Maskini Rafikul hajaiona sahani hiyo, nzima wala mbovu.

"Bibi Turkiya, nani wa Nizwa aliwahi kukaa ukumbini humu akaitazama sahani hii?"

"Hakuna ila yeye."

"Yuko aliyeiona. Katuhesabia pini zake. Ni Wadhah."

Pazia likatikisika. Asya aliinuka na kuingia ndani bila kuomba ruhusa. Yalisikika maneno ya chini, kisha kilio kifupi kilichokatwa, na Asya akisema, "Sema, mwenzangu. Sema, mimi niko hapa. Mjinga mimi, nikakuita hasidi."

Alipoanza, Turkiya alisema moja kwa moja, bila kupamba.

"Mimi ndiye wa kwanza, si huyo wa Nizwa. Alinioa Ujiji, sote vijana. Walipokuja kurudi Oman wazee wake wakamwambia, huyu hana kabila la kutaja, mwache. Walikuwa wakubwa, wana pasi mikononi, na bila wao hapandi ndege. Akaniacha. Nikaolewa na mwingine, nikaja huku kwa njia yangu, nikafiwa. Uzeeni akanitafuta. Akanioa tena kwa kadhi wa kijijini, mashahidi wawili, mmoja amekufa. Akanipa sahani. Akasema nyingine imebaki kule iisubiri mwenzake."

"Na Badriya hakujua."

"Alisema atamwambia. Kila Jumatano alisema. Jumatano ile Wadhah alimfuata na pikapu. Aliingia tumekaa kama ulivyokaa wewe. Hakupiga kelele. Alitazama huku na huku, akaitazama sahani, akaishusha, akaigeuza. Akasema, mali ya bibi yangu umempa mtumwa. Mzee akasimama, akasema huyu ni mke wangu kabla hujazaliwa wewe, nitawaambia wote leo, twende. Akatoka mbele." Alivuta pumzi. "Nikasikia kitu barazani. Nilipotoka mzee yuko chini na yule kijana ana chuma cha kufungulia magurudumu mkononi, anakitazama kama hakijui."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nilimshika mume wangu. Yule kijana akaniambia, ukisema neno, sisi tutasema hujaolewa. Utakuwa mwanamke wa pembeni tu, na watoto wa Ibra watakutupia mawe. Nani atakuamini, mtumwa wa Ujiji? Mjomba wangu ni mkubwa Maskati. Wakikuuliza, sema kaenda Sur. Akampakia usiku. Nikaisugua damu yake kwenye jiwe hilo mpaka vidole vikatoka ngozi."

"Ukanyamaza kwa watu."

"Nikanyamaza kwa watu," alisema Turkiya. "Lakini eda nilikaa. Nisingekaa, ningekuwa nimewakubalia kwamba mimi si mke. Hilo sikuliweza."

Simu ya Nabhan ikalia. Mohannad. Nyuma yake zilisikika sauti za ofisi, na moja ya mtu akisema polepole, kwa Kiarabu kibovu, kwamba hajui kusoma.

"Nabhan, Rafikul yuko mbele yangu, kalamu iko mezani. Anakuulizia wewe, ati ulimwambia asisaini. Ulimwambia?"

"Nilimwambia, sidi."

"Tutazungumza hilo ukirudi."

"Sidi, usimsainishe. Mzee hakuuliwa Ijumaa. Wadhah alikuwa Samail Ijumaa, kweli, picha zimejaa simu yake. Jumatano hana picha hata moja, na muulize Sur kaijulia wapi, maana ndiye pekee aliyesema baba yake kapita Sur. Sahani haikuibiwa, ninayo mbele ya macho."

"Ushahidi wako nini? Soko?"

"Shahidi, sidi. Ameona."

"Mlete."

"Hawezi kutoka leo, mpaka apatikane mtu wa kumsindikiza na kadhi aridhie. Yumo edani."

Naqibu akatoa kicheko cha puani. "Eda ya nani? Mjane wa marehemu yuko Nizwa, jana nimempa pole na mwanawe kanimiminia kahawa."

Nabhan alitazama pazia. Akishika simu vibaya sasa, akisema neno moja la ziada, bibi huyu atarudi kuwa jamaa wa Ujiji na Rafikul atachukua kalamu. Aliweka sauti ya simu juu, akaipeleka hadi ukingoni mwa pazia, akageuza uso pembeni.

"Bibi. Ni mkubwa. Mimi hanisikii."

Asya alisema kitu kwa kunong'ona. Kisha mkono usio na pete ukatoka, ukaipokea simu. Katika mkono mwingine ulishikwa ukanda wa leso nyekundu, umechanwa pindoni, nyuzi zinaning'inia.

"Nani anazungumza?" aliuliza Mohannad.

Kwa miaka yote hiyo, kwa kila aliyeuliza, Turkiya alikuwa amejibu jamaa, jirani, mtu wa Ujiji.

"Mke wa Shihab."

"Bibi, tuelewane. Marehemu kakutwa Jumamosi. Daktari kasema Ijumaa. Wewe unakaa eda tangu lini?"

"Jumamosi ndiyo mliyomkuta nyinyi," alisema Turkiya. "Mimi nilimfumba macho na kumfunga kidevu Jumatano."